Tatu ya mwanaisimu si tatu ya mwanakemia

Majuzi mwenzangu mmoja, asistanti wa isimu kama mimi, aliingia ofisini na fomu mkononi. Alikuwa anaomba posho ya utafiti kwa shirika moja la nje. Fomu ilikuwa na kurasa nne, na kwenye ukurasa wa tatu kulikuwa na kisanduku kidogo, nafasi ya tarakimu mbili tu: andika kipimo h chako. Aliketi, akafungua kompyuta, akatafuta jina lake, akapata 3. Rafiki yetu wa kemia, ambaye tulikuwa tumekula naye mchana ule na ambaye anaomba posho hiyohiyo, alikuwa amekwisha kuandika 11. Waombaji wote watapangwa kwenye orodha moja.

Mwenzangu huyu ana miaka minane anakusanya masimulizi na kuandika sarufi ya lugha moja ya Kibantu ambayo haina kitabu hata kimoja. Rafiki yetu wa kemia ni mchapakazi, sina neno naye. Lakini nimekuwa nikijiuliza tangu siku ile kama 3 na 11 zilipimwa kwa mizani moja. Jibu langu ni hapana, na nitaeleza kwa nini. Kisha nitasema jambo jingine ambalo huenda baadhi ya walimu wangu wasilipende.

Tuanze na h yenyewe, maana wengi wetu tunaiogopa bila kuijua. Ilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California huko San Diego. Hesabu yake ni nyepesi. Panga kazi zako kuanzia ile inayotajwa zaidi na wasomi wengine hadi ile inayotajwa kidogo, kisha teremka ukihesabu. Ukifika kazi ya tano ukakuta imetajwa angalau mara tano, lakini ya sita haijafika mara sita, h yako ni 5. Basi. Hirsch alitafuta namba moja ya kuchanganya wingi wa kazi na uzito wake, ili mwenye makala mia zisizosomwa na mtu asipate pa kujificha. Nia haikuwa mbaya. Tena katika makala ileile alionyesha mwenyewe kwamba fani hazilingani: kati ya wanafizikia alimtaja Edward Witten mwenye 110, na kati ya watu wa sayansi za uhai alimtaja Solomon Snyder mwenye 191. Hakusema kwamba Snyder anampita Witten kwa akili. Alisema watu wa fani ile hutajana zaidi. Onyo hilo lilikuwemo tangu siku ya kwanza, lakini waliotengeneza fomu ya mwenzangu walichukua herufi wakaacha onyo.

Sasa tazama h inavyomtendea mtu wa vitabu. Tuseme mwalimu ameandika sarufi moja iliyotajwa mara 500, pamoja na makala mbili zilizotajwa mara mbili kila moja. h yake ni 2. Mwingine ana makala nne, kila moja imetajwa mara nne. H yake ni 4. Kwa hesabu hii wa pili anamzidi wa kwanza mara mbili. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiulizwa ni nani kati ya hao wawili aliyebadilisha fani, hatahitaji kompyuta kujibu.

Na mfano huo hauko mbali na maisha. Sote tulianza masomo yetu na Ferdinand de Saussure. Alipokuwa na umri wa miaka 21 alitoa huko Leipzig kitabu juu ya mfumo wa kale wa irabu katika lugha za Kihindi-Kiulaya. Kitabu kina tarehe ya 1879. Ndani yake alidai, kwa hoja ya mfumo peke yake, kwamba zamani palikuwa na sauti ambazo hakuna lugha yoyote iliyojulikana wakati ule iliyokuwa nazo. Uthibitisho ulikuja mwaka 1927, Jerzy Kuryłowicz alipoonyesha kwamba Kihiti, lugha iliyokuwa imeanza kusomeka miaka michache tu kabla, kina konsonanti mahali palepale Saussure alipozitarajia. Miaka arobaini na minane. Saussure mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1913. Kitabu kinachotajwa zaidi chini ya jina lake, kile cha kozi ya isimu kwa jumla, kilitoka mwaka 1916, nacho hakukiandika yeye: Charles Bally na Albert Sechehaye walikiunga kutokana na daftari za wanafunzi. Mtieni Saussure wa mwaka 1910 kwenye fomu ya mwenzangu muone atapata posho gani.

Kuna kipimo kingine kinachotembea pamoja na h, nacho ni kipimo cha athari cha jarida. Hiki hakimpimi mtu, ingawa kila siku watu hupimwa nacho. Kilitokana na kazi ya Eugene Garfield wa Philadelphia, ambaye mwaka 1964 alichapisha faharasa kubwa ya kwanza ya mitajo ya sayansi. Kipimo hicho huchukua mara ambazo makala za jarida za miaka miwili iliyopita zimetajwa mwaka huu, kisha hugawa kwa idadi ya makala hizo. Kiliwafaa sana wakutubi waliotaka kujua majarida ya kununua. Lakini zingatieni ile miaka miwili. Katika fani fulani za utabibu, makala yenye miaka miwili imekwisha kusomwa, kujaribiwa na kujibiwa. Kwetu sisi, katika miaka miwili mtu hajamaliza hata kunakili kanda alizorekodi kijijini. Makala ya A. E. Meeussen juu ya ujenzi upya wa sarufi ya Kibantu, kurasa arobaini na chache zilizochapwa Tervuren mwaka 1967, bado iko kwenye meza ya kila mtu anayefanya isimu linganishi ya Kibantu. Kwa kipimo cha miaka miwili, umuhimu wake ulikwisha mwaka 1969.

Jambo hili wenye vipimo wenyewe walilijua. Faharasa ya fani za sanaa na ubinadamu ilianzishwa mwaka 1978, na kwa miongo mingi majarida yake hayakupewa kipimo cha athari kabisa. Yalianza kupewa mwaka 2023 tu.

Halafu kuna suala la idadi ya waandishi. Mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti wa maabara ya CERN, karibu na Geneva, yalitoa pamoja makala juu ya uzito wa chembe ya Higgs. Ilikuwa na waandishi 5,154. Kati ya kurasa zake 33, tisa za kwanza ndizo zinazoeleza kazi, na zilizobaki ni orodha ya watu na vyuo vyao. Sisemi walidanganya, mtambo ule haujengwi na mtu mmoja. Ila kila mmoja wao, akijaza fomu, anaandika mitajo yote ya makala ile kama yake. Mwanaisimu anayeandika sarufi peke yake, na mzee mmoja wa kijiji akiwa mwalimu wake, anaandika kazi moja tu. (Na yule mzee haandikwi popote, lakini hilo ni somo la siku nyingine.)

Niliyoyasema hadi hapa yanamhusu mwanalugha wa popote, awe Paris au Dar es Salaam. Hapa kwetu kuna mengine ya kuongeza.

La kwanza ni majina yetu. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970, majina ya Kikristo yalipoondolewa na serikali na watu wakachukua majina mengine ya asili, watafiti wengi wa nchi hii wamechapisha kwa majina mawili, hata matatu. V. Y. Mudimbe alikuwa Valentin-Yves, akawa Vumbi Yoka. Bahati yake ni kwamba herufi za mwanzo zilibaki zilezile, na mashine haikumpoteza. Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Hata leo tunaandika jina la ukoo kwanza, jina la pili likifuata, na la ubatizo mwisho, huku mashine za Ulaya zikidhani neno la mwisho ndilo jina la ukoo. Mwenzangu, siku ile ya fomu, alikuta makala yake mbili zikiwa chini ya mtu anayeitwa Marie, bila zaidi. Marie huyo ana mitajo minne. Tulicheka, lakini ile minne haikuingia kwenye 3 yake.

Vilevile majina ya mahali yamebadilika. Élisabethville ikawa Lubumbashi, Katanga ikawa Shaba kisha ikawa Katanga tena. Anayetafuta maandishi juu ya Kiswahili cha mji huu atakuta Edgar Polomé mwaka 1968 akikiita cha Lubumbashi, kwa Kiingereza. Walter Schicho mwaka 1982 akichambua sintaksia yake kwa Kijerumani. Johannes Fabian akikiita cha Shaba. Na mwaka 2014 Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa wakitoa kitabu kizima kwa Kifaransa. Ni lugha moja, na watu hawa wanasomana. Mashine inaona vijito vinne visivyokutana, hasa kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hizo ni vitabu na juzuu za zamani ambazo hazijaingizwa kwenye hifadhidata yoyote.

Na wanaotutaja zaidi ni nani? Ni wanafunzi wetu. Kila mwaka memwari zinatetewa mbele ya juri, na karibu kila moja inataja kazi za walimu wa hapa. Kisha memwari inapelekwa kwenye rafu, na vumbi linaanza. Hakuna mashine inayosoma rafu ile. Kwa hiyo mwalimu ambaye mawazo yake yamelea vizazi vya walimu wa shule za sekondari za mkoa mzima anaweza kuwa na h ya 1, au asiwepo kabisa. Mwenzangu alijaribu hifadhidata tatu siku ile: moja ilimpa 3, nyingine 1, ya tatu haikumjua. Mtu ni yuleyule na kazi ni zilezile. Fomu haikusema itumike ipi.

Wapo watakaosema dawa imekwisha kupatikana, na kwa sehemu ni kweli. Badala ya kuhesabu mitajo mitupu, wataalamu wa vipimo hugawa mitajo ya kazi kwa wastani wa kazi za fani ileile, za mwaka uleule na za aina ileile. Tuseme makala ya isimu imetajwa mara 6, na wastani wa fani yake kwa mwaka ule ni 3: inapata 2. Makala ya tiba imetajwa mara 20, na wastani wa kwao ni 25: inapata 0.8. Ghafla ile ya 6 inaipita ile ya 20. Njia hii ni ya haki zaidi kuliko h, na mtu akinilazimisha nipimwe kwa namba ningechagua hii.

Lakini wastani huo unatokana na yale yaliyomo ndani ya hifadhidata tu. Kama majarida yanayochapisha kazi juu ya lugha zetu hayamo, basi hatumo juu ya mstari wa kugawa wala chini yake. Tena fani ni nini? Hata ndani ya fakilte yetu, anayefanya isimu ya kompyuta anatajwa haraka na na watu wengi duniani, mchambuzi wa riwaya anatajwa polepole, na mfasiri hatajwi hata kidogo ingawa kazi yake inasomwa kuliko zetu zote. Ukiwapanga watatu hawa kwa wastani mmoja unaoitwa wa lugha, umerudia kosa la fomu ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Sasa nifike kwenye lile neno gumu.

Tukiishia kulalamika, tutaulizwa swali moja ambalo hatuna jibu zuri kwake: mnataka mpimwe kwa nini, basi? Kwa sababu desturi yetu wenyewe nayo ina kasoro zake. Sote tunajua kazi zinavyohesabiwa mtu anapotaka kutoka asistanti kuwa shefu wa travo, na kutoka hapo kwenda juu: idadi ya makala, mihuri, barua. Sote tumesikia habari za mtu aliyependelewa kwa sababu ya nani anamjua nani, na za mtu aliyecheleweshwa kwa sababu hiyohiyo. Namba ya kutoka nje iliwavutia vijana wengi kwa sababu haina mjomba. Kijana asiye na mtu wa kumsukuma anaiona h kama hakimu asiyekula rushwa. Nikisema h haifai na nisitaje cha kuwekwa mahali pake, nimemrudisha kijana huyo kwa mjomba.

Tena sisi wenyewe hatutajani. Nimesoma memwari na hata tezi ambazo zinataja Paris na Leiden ukurasa kwa ukurasa, lakini hazitaji kazi iliyofanywa milango mitatu mbele, juu ya lugha ileile. Wakati mwingine ni kwa sababu mwandishi hakuijua, maana kazi ile ilikuwa silabusi iliyouzwa darasani na haikuchapwa popote. Wakati mwingine anaijua vizuri, ila kumtaja mpinzani wa mwalimu wake ni hatari. Wasomaji wangu, mnajua ninachosema. Hatuwezi kuishtaki mashine kwamba haituoni huku tukifichana sisi kwa sisi.

Kuna na hatari ambayo imekwisha kutufikia. Kijana akijua kwamba atahesabiwa kwa idadi, ataacha sarufi ya miaka minane na kuandika vipande sita vya kurasa nane. Na akibanwa zaidi ataingia kwenye majarida ya ulaghai, yale yanayotuma barua pepe ya sifa usiku wa manane, yanachukua pesa na kuchapa chochote ndani ya wiki moja bila mtu kukisoma. Najua watu wawili waliolipa mshahara wa mwezi mzima kwa jarida la namna hiyo. Mmoja wao amepandishwa cheo, na makala yake ina jedwali ambalo halijumlishi mia kwa mia.

Basi ningependa nini? Kwanza, kazi zisomwe. Azimio lililotokana na mkutano wa San Francisco wa Desemba 2012, linalojulikana kwa kifupi kama DORA, linataka vyuo viache kutumia kipimo cha jarida kumpima mtu mmoja anapoajiriwa, anapopandishwa cheo au anapoomba fedha. Ilani ya Leiden ya mwaka 2015, yenye kanuni kumi, inasema wazi kwamba fani hutofautiana katika namna ya kuchapisha na kutajana, na kwamba utafiti wenye maana kwa mahali fulani ulindwe. (Ilichapwa katika jarida la Nature, ambalo kipimo chake cha athari ni kati ya vikubwa duniani. Hata wanaopinga mizani hupenda kupimwa juu yake.) Chuo chochote kinaweza kutia sahihi DORA, na mtu binafsi pia. Lakini sahihi haisomi sarufi. Ningependa kila anayepimwa achague kazi zake tatu, aandike nusu ukurasa kwa kila moja, aeleze nini kilikuwa hakijulikani kabla yake, na nani ameitumia. Kisha wasomaji wawili wa fani yake, mmoja akiwa wa chuo kingine, wazisome, waandike maoni, na watie majina yao. Namba iwepo ikitakiwa, ila iwe pembeni, ikitajwa imetoka hifadhidata gani, tarehe gani, na ikilinganishwa na nani.

Ni kazi nzito, najua. Profesa mwenye wanafunzi mia tatu hana saa za kusoma sarufi tatu za watu wengine. Lakini kama hatuna saa za kusomana, basi tukubali kwamba tumewakabidhi wengine kazi ya kutujua.

Pili, tujitoe mafichoni. Kila mmoja wetu ajiandikishe ORCID, namba ya tarakimu kumi na sita ambayo ni ya bure na inafuata mtu hata jina likiandikwa kinyume. Tuchague namna moja ya kuandika majina yetu na tuishike. Memwari nzuri zitolewe kwenye rafu na kuwekwa mahali zinaposomeka. Jarida letu hili lidai kwamba kila makala iwe na muhtasari kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, na kwamba mwandishi aonyeshe ametafuta kazi za hapa juu ya mada yake kabla hajavuka bahari. Hilo la mwisho halihitaji fedha ya mtu yeyote wa nje.

Mwenzangu amejaza fomu yake. Kisandukuni ameandika 3, kwa sababu kisanduku hakipokei maneno, na nyuma ameambatanisha karatasi moja: jina la lugha, idadi ya saa alizorekodi, sura alizomaliza, majina ya wazee waliomfundisha, na sentensi moja kwamba Marie ni yeye. Hajui kama kuna mtu atakayeigeuza. Bahasha inaondoka Ijumaa, na rafiki yetu wa kemia ndiye atakayeipeleka, pamoja na yake.